Kabla hujampiga sadhu picha ya mtindo wa kale

Ukitazama picha za masadhu wa India, yaani watawa wa Kihindu walioacha mambo ya dunia, zilizopigwa karne ya 19, utaona jambo linalojirudia: majivu waliyojipaka mwilini yanang'aa kama chokaa, na joho la rangi ya zafarani limekuwa jeusi. Wengi hudhani ni uchakavu wa karatasi. Sivyo. Njia ya kolodioni, ambayo Frederick Scott Archer wa Uingereza aliitangaza mwaka 1851, ilitumia kioo kilichopakwa dawa inayoona bluu na urujuani, lakini nyekundu na rangi ya chungwa ilikuwa kama haizioni. Kwa hiyo mtu aliyevaa vazi linalowaka kama moto alitoka pichani amevaa usiku. Anayetaka mtindo huo leo aanze kwa kuelewa hilo, maana ndilo linalotofautisha picha yenye sura ya kale na picha iliyopakwa rangi ya kahawia na kuongezewa mikwaruzo kwenye simu.

Programu nyingi zinapogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe huipa kijani uzito mkubwa, kisha nyekundu, na bluu huambulia takriban asilimia 11 tu. Joho linatoka kijivu cheupe, uso unakosa kina. Piga kwa rangi katika faili la RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kisha wakati wa kuligeuza ipandishe bluu na uishushe nyekundu. Fanya majaribio nyumbani kabla ya safari. Mimi nilimkalisha mpwa wangu kizingitini, nikamfunika kanga ya rangi ya chungwa na kumpaka mkono mmoja majivu ya jiko la mkaa. Usiku, chini ya taa ya sebuleni, picha ilijaa chengachenga, kwa sababu taa ya namna ile ina bluu kidogo mno. Asubuhi, kwenye kivuli cha ukuta ulioelekea anga wazi, ilitoka safi, majivu meupe na kanga nyeusi. Lakini niliona pia uso wake umetiwa giza kupita alivyo. Njia hii huwafanyia hivyo watu wote wenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, kwa hiyo beba ubao mweupe wa kurudishia mwanga, na ukishaona macho yake hayasomeki, rudisha nyekundu kidogo. Picha imfuate mtu kwanza, mtindo baadaye.

Wapo wanaotamani kufanya kolodioni yenyewe. Ni kazi nzuri, ila kolodioni ina etha na spiriti, na nitrati ya fedha huchochea moto; vitu hivyo havipandi ndege ndani ya begi lako. Kioo nacho lazima kipigwe na kusafishwa kingali kibichi, ndani ya takriban dakika 10 hadi 15, kwa hiyo utahitaji hema la giza papo hapo. Bila mwenyeji mwenye vifaa hivyo huko India, tumia kamera ya kawaida.

Kwa lenzi, zile za muundo wa Petzval wa mwaka 1840 ndizo zilizoleta uso mkali katikati na ukungu unaozunguka pembeni. Lenzi ya zamani ya Helios 44 inakaribia sura hiyo kwa bei ndogo zaidi. Stendi ya kamera ndiyo wengi wanayokosea. Sadhu aliyekunja miguu chini, macho yake yako chini ya mita moja kutoka ardhini. Stendi isiyoshuka hapo itakulazimisha kumtazama kutoka juu kama askari anayemhoji mshukiwa. Chagua inayoshuka, na mkeka wa kukalia wewe mwenyewe. Kitambaa cha nyuma kiwe cha pamba kisichong'aa, cha kijivu, kinachofungika kwa kamba mbili tu.

Sasa jambo lililonisumbua zaidi kuliko lenzi zote. Mtindo huu una historia. Kati ya mwaka 1868 na 1875 watawala wa Kiingereza walitoa majuzuu 8 ya picha za watu wa India, wamepangwa kwa kabila na tabaka, wengi bila majina. Sisi wa pwani tunajua ladha yake: kadi za posta za Zanzibar za zama zile, zenye bibi aliyevaa vizuri na maandishi “mwanamke wa Kiswahili”, basi. Alikuwa mama wa nani, hakuna aliyeandika. Ukimweka sadhu mbele ya kitambaa na kumtia rangi ya kale, unaweza kurudia kosa lile bila kukusudia. Kwa hiyo kabla hujaondoka, andaa daftari la majina kama unavyoandaa betri.

Kuuliza jina nako kuna adabu yake. Sanyasi, yaani sadhu aliyeweka nadhiri ya kuukana ulimwengu, anapoingia utawani hufanyiwa ibada za mazishi yake mwenyewe. Maisha ya nyuma yamezikwa. Anapewa jina jipya, mara nyingi likiishia na Giri, Puri, Bharati au Saraswati. Basi muulize jina analoitwa sasa na akhara yake, yaani jumuiya yake ya kitawa, wala usimchimbe alizaliwa wapi, ana watoto wangapi, alifanya kazi gani. Mistari mitatu ya kulala kwenye paji la uso ni ya wafuasi wa mungu Shiva; ya kusimama ni ya wafuasi wa mungu Vishnu. Ukiijua hiyo hutakosea salamu: wasanyasi wengi wa Shiva huitikia “Om Namo Narayan”, na watawa wa Rama, ambaye ni Vishnu kwa umbo jingine, “Sita Ram”. Jina la heshima la kumwita halitakutesa hata kidogo. Ni Baba, vilevile kama kwetu. Mwanamke mtawa ni Mataji.

Ukifika kwake vua viatu, toa na pokea kwa mkono wa kulia, na usivuke moto wake uitwao dhuni, kwa kuwa ni madhabahu. Usishike nywele zake zilizosokotana, wala mkuki wa ncha tatu, wala chombo cha maji. Kaa kwanza. Huko Varanasi, mji mtakatifu kando ya mto Ganga, karibu na ngazi za mtoni za Assi, nilimletea mzee mmoja kigoda ili akae kama kwenye picha za studio. Alikitazama, akakisogeza kando kwa ncha ya fimbo, akatandaza kipande chake cha blanketi, akaketi. Kisha akachukua majivu ya dhuni kwenye kiganja, akajipaka upya kifua, mabega, na mwisho kope za macho, taratibu, kama dakika ishirini. Sikupiga hata moja wakati huo, na naona nilifanya vema. Wapo pia walioweka nadhiri ya kutokaa kabisa kwa miaka, na walioinua mkono mmoja bila kuushusha. Usiwaombe mkao mwingine. Kiko cha bangi kiitwacho chilamu kikizunguka, usipokee. Sheria ya India ya mwaka 1985 inaikataza, na wewe ni mgeni.

Kuhusu pesa, sema mapema. Kuna wanaopokea dakshina kama sadaka, kuna wanaopendelea sukari, majani ya chai au kuni. Wapo pia wanaovaa joho kwa ajili ya watalii. Patana nao bei kwanza kwa heshima ileile.

Wakati wa kwenda: Kumbh Mela ni mkusanyiko mkubwa wa Wahindu wa kuoga kwenye mito mitakatifu. Ya Nashik ni mwaka 2027, na ya Ujjain 2028. Akhara zote kubwa 13 huweka kambi katika misimu hiyo, lakini siku za kuoga si za picha za kutulia. Kwenye Kumbh ya Prayagraj, tarehe 29 Januari 2025, watu wasiopungua 30 walikufa kwenye msongamano. Nenda kambini siku za katikati, saa moja asubuhi. Varanasi ina masadhu mwaka mzima, ila Desemba na Januari ukungu hufunika mto. Kwenye ngazi za Manikarnika, wanapochomea maiti, kamera ibaki begini.

Kwa wanaotoka Kenya na Uganda, kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia. Bila hiyo unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Droni iache nyumbani.

Mwisho beba printa ndogo ya betri. Sadhu anayetembea hana sanduku la posta, kwa hiyo ahadi ya “nitakutumia” haina maana kwake. Mpe picha palepale. Karatasi zihesabu mara mbili ya unavyodhani, kwa kuwa wanafunzi wake walioketi nyuma ya moto nao wataomba ya mwalimu wao.