Kisibiti: chagua aina sahihi, vuna asubuhi, hifadhi harufu

Tafuna mbegu moja kabla ya kununua. Kisibiti (caraway) na bizari nyembamba (cumin) wote ni wa jamii ya karoti na hufanana sana, ila punje ya kisibiti ni nyeusi zaidi, imepinda kama mwezi mwandamo, ina mistari mitano myeupe, na ladha yake ni ya shamari yenye uchungu kidogo. Bizari nyembamba imenyooka na inanukia pilau. Kisibiti cha dukani kinaweza kuwa kimekaa mno kikashindwa kuota. Weka punje 50 kwenye kitambaa chenye unyevu uone ngapi zitachipua.

Kosa kubwa liko kwenye aina. Ufini, ambako zao hili hulimwa kwa wingi, hupandwa zaidi kisibiti cha miaka miwili: mwaka wa kwanza hutoa majani na mzizi tu, hupita majira ya theluji, ndipo kichanue. Mzizi usiponenepa kama penseli, na usipopata wiki kadhaa za baridi chini ya nyuzi 10, hakuna ua, hata umwage mbolea kiasi gani. Mkulima wa nyanda za juu kama Njombe au Limuru atafute aina ya mwaka mmoja, isiyodai baridi hiyo, na aanze na tuta moja. Mafuta yake ya harufu kwa kawaida ni pungufu, lakini punje utaziona. Kwenye joto la pwani hatushauri.

Sia palepale shambani, kwa kuwa mzizi wake mrefu hauvumilii kuhamishwa. Udongo uwe laini, usiotuamisha maji. Mistari iachane sentimita 30, kina sentimita 1 hadi 2, gramu 8 kwa tuta la mita 10 za mraba. Huota kwa wiki 2 hadi 4, na magugu hayasubiri. Changanya na mbegu chache za figili: zenyewe huchipua upesi, zikakuonesha mstari ulipo upalilie mapema. Pasipandwe palipokuwa na karoti, giligilani au shamari ndani ya miaka 4 iliyopita, maana magonjwa yao ni yale yale.

Mavuno ndiyo hupoteza watu. Punje haziivi pamoja, na zilizoiva hupukutika ukizigusa. Miavuli ya juu (vichala vinavyobeba punje) ikigeuka kahawia, kata mashina alfajiri umande ungalipo, uyalaze juu ya turubai. Anika kivulini penye hewa, kisha piga na upepete. Joto likipita nyuzi 40 mafuta hupaa, na mafuta hayo, hasa karvoni na limonini, ndiyo harufu yote unayoiuza. Hifadhi punje nzima kwenye chombo kinachofunga vizuri. Twanga kiasi cha siku tu.

Jikoni hukaa vizuri kwenye kabichi, mkate wa rai (nafaka jamaa ya ngano) na harisa ya Tunisia, yaani rojo la pilipili. Lebanon hupikwa uji wa unga wa mchele, kisibiti na mdalasini mtoto anapozaliwa.

Kwa tumbo lililojaa gesi, mtu mzima aponde gramu 1 hadi 2, amwagie maji yanayochemka kikombe kimoja, afunike dakika 10 ili mvuke usiondoke na mafuta, achuje anywe. Mjamzito na mwenye mzio wa seleri au mmea mwingine wa jamii ya karoti wasitumie kama dawa, na mtoto mchanga asipewe. Maumivu makali, homa au kutapika si kazi ya chai, nenda zahanati.