Mama Hawezi Ngazi: Kutoka Heathrow Hadi Nyumbani Kwako London

Mama yangu alipokuja London mara ya kwanza, magoti yalikuwa yameshachoka, lakini kauli yake ilikuwa moja: "Mimi si mlemavu." Basi hatukumwombea kiti cha magurudumu. Akazitembea korido zote za Heathrow, akasimama foleni ya uhamiaji, na alipotokea ukumbini nilipomngojea, miguu ilikuwa imevimba hata viatu havivuliki. Siku tatu hakutoka chumbani. Iliniuma sana, na ndiyo maana nakuandikia wewe unayejiandaa kumkatia mzazi tiketi.

Anza na maneno. Wazee wetu wengi hukisikia kiti cha magurudumu kama hukumu. Safari ya pili nilimwambia: "Mama, kuna kijana atakupokea mlangoni mwa ndege, atakuongoza mpaka unione." Akakubali papo hapo. Kweli ndivyo huduma ilivyo, na ni bure, kwa hiyo mhakikishie kwamba hadaiwi chochote.

Ombi lifanywe wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya kuruka. Hapa ndipo wengi hukosea: husema tu "anahitaji kiti" na kuliacha hivyo. Mashirika ya ndege hutumia alama tatu, na tofauti yake ni kubwa. WCHR ni mtu anayeweza kupanda na kushuka ngazi, ila umbali mrefu humshinda. WCHS hawezi ngazi, lakini ndani ya ndege hujikongoja mwenyewe hadi kwenye siti. WCHC ni wa kubebwa mpaka kwenye siti yake. Kuna wakati ndege huegeshwa mbali na jengo, abiria wakashuka kwa ngazi na kupanda basi. Mzee aliyeandikiwa WCHR atatarajiwa ashuke ngazi hizo kwa miguu yake. Kwa hiyo usimuulize "Unaweza kutembea?" maana atajibu ndiyo. Muulize mara ya mwisho alipanda ngazi za ghorofa lini, na alipumzika mara ngapi.

Kama atabadilisha ndege Doha, Dubai au Addis Ababa, thibitisha kwamba ombi limeandikwa kwa kila kipande cha safari. Mpe pia karatasi yenye jina lako, namba yako ya simu na anwani, aiweke pamoja na pasi. Simu huzima chaji, karatasi haizimi.

Heathrow, mhudumu humpitisha uhamiaji, humsaidia kuchukua mizigo na kumvusha forodha. Mwombe amfikishe mikononi mwako, asimwache kwenye benchi la kwanza.

Sasa njia ya mjini. Kwa mtu asiyeweza ngazi, mimi huchagua njia ya treni iitwayo Elizabeth line bila kusita. Ilifunguliwa Mei 2022, na vituo vyake vyote unaweza kufika jukwaani bila kupanda ngazi. Katika vituo vya Heathrow, na kuanzia Paddington hadi Woolwich, sakafu ya treni iko sawa na jukwaa: kiti huingia moja kwa moja. Kwingineko kwenye njia hiyo mfanyakazi wa kituo huweka ubao wa kupandia, na si lazima uweke miadi. Piccadilly, njia ya treni za chini ya ardhi itokayo Heathrow, ni nafuu zaidi, lakini vituo vyake vingi vya katikati ya jiji vina ngazi, na pauni chache ulizookoa utazilipa kwa magoti ya mama. Ukilazimika kuitumia, kagua ramani ya treni: alama nyeupe ya kiti ndani ya duara la bluu maana yake hakuna ngazi toka barabarani hadi ndani ya treni, alama ya bluu ndani ya duara jeupe inakufikisha jukwaani tu.

Ndugu wa Barking, mashariki ya London, hubadilishia treni kituo cha Whitechapel, ambako kuna lifti. Kabla hujaondoka nyumbani, angalia kama lifti za vituo vyako zinafanya kazi siku hiyo. Mimi huangalia tena nikiwa uwanjani.

Mzazi akifika usiku, au akiwa na masanduku mawili ya unga, dagaa na vitenge, usimtese na treni. Teksi nyeusi za London zote huingiza kiti cha magurudumu, zina ubao wa kupandia, na sheria inamkataza dereva kukutoza zaidi kwa sababu ya kiti. Ni ghali, naam. Magari ya kuagiza kwa simu ni nafuu, ila mengi hayaingizi kiti kisichokunjika, kwa hiyo uliza kabla hujathibitisha.

Mabasi ya jiji yana ubao kwenye mlango wa katikati, na mwenye kiti cha magurudumu halipi nauli. Yafaa siku za kutembelea jamaa, si siku ya kuwasili.

Na nyumba yako? Mama yangu alishinda safari nzima, kisha akakutana na ngazi kumi na nne za kwangu. Safari ya pili alilala chini, kwenye sofa la kukunjua, choo kikiwa hatua tano tu. Kwa safari ya kurudi tulimwombea huduma upya mapema, na tukafika uwanjani muda wa saa tatu kabla ya ndege kuruka. Kijana aliyempokea alimwita "mama", naye akamwachia baraka zote za Tanga.