Chupa ya soda kwenye bwawa la kuogelea

Ndugu zangu mlio Minnesota na kwingine kwenye baridi kali, mwenye bwawa nyuma ya nyumba asingoje theluji ya kwanza. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba la plastiki halistahimili hilo. Punguza maji ya bwawa mpaka yashuke chini ya kile kisanduku cha ukutani kinachonyonya majani, kisha upulize mabomba kwa kompresa hadi yatoe hewa tupu, na uyazibe. Fungua vizibo vya chini vya pampu na chujio, maji yatoke yote. Pampu ikipasuka ni gharama kubwa.

Sasa chukua chupa tupu ya soda, tia kokoto kidogo isimame, ifunge barabara, iache ndani ya kisanduku. Mvua ikijaa humo na kuganda, barafu itaminya chupa, kisanduku kipone. Mimi sikosi kuiweka kila mwaka.

Ila tafadhali, msimwage maji yote ya bwawa: maji ya ardhini yanaweza kuliinua bwawa tupu kutoka shimoni.