Giligilani: kupanda, kukata majani na kubakiza mbegu

Giligilani (dania) ina haraka ya kuchanua. Jua likizidi, udongo ukikauka au mizizi ikiguswa, inaacha kuongeza majani na kupandisha shina la maua. Kwa hiyo usiioteshe kitaluni ukaja kuihamisha. Mzizi wake mkuu hushuka wima kama wa karoti, ndugu yake, na mara nyingi mche uliong'olewa huchanua kabla hujapata fungu moja la mboga. Panda palepale itakapokulia.

Kile kiduara kimoja ni mbegu mbili zilizoshikana. Zitandaze kwenye ubao, upitishe chupa juu yake kwa mkono mwepesi mpaka zipasuke katikati. Ukikandamiza sana unazisaga, na hapo umeshatengeneza kiungo cha pilau. Loweka usiku mmoja, chuja, anika kivulini zisigandane. Mbegu za duka la viungo nazo huota, ila nyingine zimekaa mno: jaribu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, na zisipofika nusu, tafuta nyingine. Mbegu za kupandia zilizopakwa dawa zisiingie jikoni kabisa.

Kwa tuta la mita 1 kwa 3 lisilotuamisha maji, changanya ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza vizuri. Mbolea ikizidi, majani yananenepa lakini harufu inapungua. Chora mifereji minne, sentimita 20 kati ya mmoja na mwingine, kina sentimita 1 hadi 1.5. Dondosha mbegu kila baada ya sentimita 2. Gramu 10 zinatosha. Fukia, tandaza nyasi kavu, mwagilia kwa keni.

Miche huchomoza kati ya siku 7 na 14, hata 20 penye baridi. Ondoa nyasi siku hiyohiyo, la sivyo miche itarefuka na kulala. Angalia pia unapopalilia: majani mawili ya kwanza ni membamba, marefu, hayafanani kabisa na giligilani, na wengi huyang'oa wakidhani ni magugu. Miche ikianguka huku shina limenywea usawa wa udongo, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Umebananisha mno au unamwagilia kupita kiasi. Punguza, bakiza mmoja kila sentimita 5. Unayoitoa inalika.

Pwani weka kivuli chepesi mchana, na panda kidogo kidogo kila wiki mbili au tatu badala ya tuta zima kwa siku moja.

Wiki ya tano hadi ya saba, mimea ikifika sentimita 15, kata majani ya pembeni na uache moyo. Majani mapya yakianza kutoka membamba kama nyuzi, maua yako njiani. Kukata shina hakutayazuia.

Sasa iache izae. Bakiza mimea kila sentimita 20, na usipulize dawa ikiwa na maua, nyuki wapo kazini. Mbegu mbichi zina harufu mbaya, lakini zikikauka huisha. Theluthi mbili zikishageuka kahawia, kata vichwa asubuhi na mapema umande haujakauka, maana jua likishika zinapukutika. Vining'inize kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi, mahali penye hewa, kisha fikicha, pepeta, hifadhi kwenye chupa kavu. Tuta hilo lisipandwe giligilani wala karoti kwa miaka miwili.