Kabla ya kuweka sanaa ukingoni mwa Lamu, uliza punda wanapita wapi

Ukipewa kazi ya kusimamia sanaa ya hadharani kwenye ukingo wa mji wa Lamu, kitu cha kwanza utakacholetewa ni mchoro. Kuna mtu keshauchora, una rangi za kupendeza na jina tayari. Utie kabatini. Watu wakishauona watazungumzia mchoro tu, na waliyokuwa nayo moyoni kabla yake hutayasikia tena.

Anza kwa kushinda pwani, na ufuate maji, si saa ya ofisini. Wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kina cha kupwa na cha kujaa hupishana kwa zaidi ya mita tatu, kwa hiyo ukingo wa asubuhi si ukingo wa jioni. Alfajiri ni wa wavuvi. Maji yakijaa, majahazi yanakaribia na mahamali wanashusha saruji na boriti, punda wamepangwa ukutani wakingoja mzigo. Baadaye gati linashikwa na abiria wa Mokowe, bandari ya ng'ambo upande wa bara, alasiri wazee wanashuka barazani, jioni vijana na wageni. Chora ramani yako mwenyewe kwenye daftari: chombo hufungwa wapi, kivuli kipo wapi saa tisa, kamba za nanga zinapita wapi. Sijaona msanii aliyekasirika kwa kupewa ramani ya namna hiyo, ila nimeona wengi waliopewa vipimo vya ukuta peke yake.

Sasa mikutano. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na ndiyo maana kila ofisi ina karatasi ya mahudhurio. Lakini ukiita watu ukumbini saa nne asubuhi, nahodha yuko baharini na mwenye punda yuko kazini. Watakuja wale wale wa kila semina, wanaoijua posho kuliko ajenda. Pesa hiyo mimi naitaka ifanye kazi nyingine: kahawa na halua barazani kwa kila kundi kwa wakati wake, na ujira wa siku kwa fundi unayemuuliza ushauri, maana ushauri wake ni kazi kama kazi nyingine.

Kina mama wakae kikao chao, na aliyekiitisha awe mwanamke anayejulikana mtaani. Akiitisha mwanamume utaletewa salamu tu. Waulize upande gani wa ukingo huwa wanakaa na watoto, na upande gani hawakai, na kwa nini. Jibu la hiyo «kwa nini» aghalabu ni taa, harufu au macho ya watu, na huenda likakuonyesha kwamba sanaa inayohitajika hapo ni benchi lenye nakshi chini ya taa inayowaka.

Usimuulize mtu «unataka sanaa gani?» Atakutajia alichokiona mji mwingine. Muulize: «Ni kitu gani hapa hutaki kiguswe?» Hapo mzee atakuonyesha mahali anapokaa kutazama tanga likiingia, na kijana atakuonyesha ngazi anayorukia majini. Ukishajua visivyoguswa, nafasi iliyobaki ni ndogo, na udogo huo ni msaada mkubwa.

Suala la sanamu zenye sura lizungumzwe mapema na maimamu na walimu wa madrasa, kwa adabu na bila kuwategea. Wala halikufungii mlango. Amu, kama wenyeji wanavyoiita Lamu, imejaa sanaa isiyo na uso wa mtu: nakshi za milango, zidaka za chokaa (vishubaka vya ukutani) ndani ya nyumba, jicho lililochorwa kwenye omo, yaani mbele ya chombo. Mafundi wake wapo. Mwaka 2018 mafundi wa hapa waliunda Flipflopi, chombo cha plastiki iliyookotwa na kandambili kuukuu, na mwaka uliofuata kikasafiri hadi Unguja. Kilipendeza kwa rangi, ndiyo, lakini mkono uliokiunda ulikuwa wa uundaji uleule wa majahazi. Linganisha na zile sanamu za pembe za ndovu za Mombasa, zilizowekwa 1952 kwa ajili ya ziara ya Elizabeth wa Uingereza. Leo ni alama ya mji, lakini zilianza kama mapambo ya kumpokea mgeni.

Vibali: mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Nenda Makumbusho ya Taifa kabla hujatoboa hata tundu moja ukutani.

Kisha fanya jaribio, ambalo naliona na faida kuliko vikao vyote. Funga boriti na tanga kuukuu kwa ukubwa kamili wa kazi inayokusudiwa, mahali penyewe, uliache lipitiwe na bamvua moja na Ijumaa moja. Kaa utazame. Punda wanashtuka? Hamali mwenye gunia anajipinda kulikwepa? Watoto wanalipanda? Malalamiko yatakuja yenyewe, nawe ukisogeza boriti hatua mbili watu wanaona kwamba neno lao limesikika.

Hapo ndipo utoe michoro mitatu, bila majina ya wasanii. Weka makapu matatu, kila kundi lipige kura kwa punje zake: wavuvi kunde, kina mama choroko, vijana mbaazi, wenye hoteli dengu. Hesabu hadharani. Kapu likijaa dengu tupu, umejua mchoro huo unapendwa na nani.

Vifaa vichaguliwe na wale watakaovitengeneza. Chuma cha kawaida hapa hushika kutu upesi. Bambakofi, ule mbao mgumu, likipakwa sifa, mafuta ya papa yale yale yanayopakwa vyombo vya baharini, fundi yeyote wa pwani anajua kulitunza, na chokaa vilevile. Kisichotengenezeka na fundi wa Amu kwa vitu vya Amu, kikatae hata kama mfadhili anakitoa bure. Makubaliano ya matunzo yaandikwe kabla ya nguzo ya kwanza kusimama: kundi gani litapaka, kila mwaka upepo wa kusi ukishatulia, sifa kiasi gani, pesa kutoka mfuko gani. Yasomwe kwa sauti barazani, ndipo sahihi zitiwe.