Zaburi tano kila asubuhi: zoezi la saburi kwa mwezi mzima

Nakuru na viunga vyake, jambo likimbana mtu, hupanda mlima Menengai akafunga na kuomba mapangoni siku mbili tatu, au huenda kuhiji Subukia, kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria. Ni vyema. Lakini roho hukua zaidi asubuhi za kawaida, kabla ya kukimbilia matatu, wakati hakuna kinachoonekana kubadilika. Zoezi hili ni la asubuhi hizo.

Zaburi ni 150. Ukisoma tano kwa siku, unazimaliza kwa siku 30. Anza na ile ya tarehe ya leo, kisha ongeza 30 mara nne: tarehe 1 unasoma Zaburi 1, 31, 61, 91 na 121; tarehe 2 unasoma 2, 32, 62, 92 na 122. Soma kwa sauti, bila haraka. Kwa siku nyingi dakika ishirini hivi zinatosha. Kama Biblia yako iko kwenye simu, zima data kwanza. Ukimaliza, kaa kimya dakika tano bila kuomba chochote. Dakika hizo ndizo ngumu, na ndizo watu huzikata kwanza.

Ukikosa siku, usilipe deni. Soma za leo. Anayefidia hujikuta na Zaburi kumi na tano asubuhi moja, anazipitia mbio, na wiki ijayo ameacha.

Tarehe 10 ipe muda zaidi. Zaburi 40 inaanza na mtu aliyemngoja Bwana kwa saburi akasikiwa. Kabla haijaisha, mtu huyohuyo anamlilia Mungu asikawie, na kilio hicho kinarudi karibu neno kwa neno kuwa Zaburi 70 nzima. Kisha inakuja 130, nafsi inayongoja kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Ukizisoma zikifuatana utaona kwamba mwenye saburi anaruhusiwa kulia na kuhimiza. Asichofanya ni kuondoka.

Kuondoka ndiko hatari ya wiki ya pili na ya tatu, maneno yanapokuwa makavu mdomoni. Hapo wengi huhamia kesha jingine, au hutoa mbegu ya pesa kwa anayeahidi jibu kabla ya Ijumaa. Usibadilishe kitu katika ukavu huo: saa ileile, kiti kilekile, Zaburi za tarehe. Hata tarehe 28, Zaburi 88 inapoishia gizani, usiiruke.

Saburi hii isitumiwe vibaya. Mgonjwa aendelee na dawa na kliniki yake, na mke anayepigwa asiambiwe avumilie kwa jina la Mungu. Asaidiwe kuondoka hapo, apate usalama.

Tarehe 29 huangusha wengi, kwa sababu ina Zaburi 89 yenye mistari 52 na 119 yenye 176. Isogeze 119 hadi tarehe 31. Mwezi usio na 31, igawe: ina mafungu 22 ya mistari minane, basi soma fungu moja kila jioni kuanzia tarehe 1 hadi 22. Februari ya siku 28, za tarehe 29 na 30 zisome jioni ya tarehe 27 na 28.