Somo: Kuchonga hedi ya Land Rover ya zamani kwa hewa ya Mbeya

Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, huku kwetu inachoka mapema. Mbeya iko kama mita 1,700, hewa ni pungufu karibu asilimia 15. Baadhi zilikuja na kompresheni (kiasi silinda inavyobana hewa na petroli) ya 7:1. Ukichonga uso wa hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, chumba cha moto kinapungua; ukiipandisha kompresheni hadi 8:1 unarudisha sehemu ya nguvu.

Hatua ya kwanza ni kupima. Usimpelekee mchongaji hedi ukamwambia "toa kidogo". Silinda moja inameza sm³ 571, kwa hiyo 8:1 inataka nafasi ya sm³ 81.6 pistoni ikiwa juu kabisa, pamoja na unene wa gasketi. Pindua hedi, valvu na plagi zikiwa mahali pake. Paka grisi ukingoni mwa chumba, bandika kioo chenye tundu, kisha jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano huku ukihesabu. Pima vyumba vyote vinne. Kiputo kimoja kikijificha chini ya kioo, hesabu inadanganya. Mimi nilikidharau, nikachonga pungufu, mchongaji akala hela yangu mara mbili.

Kufunga: gasketi mpya, kaza bolti kutoka katikati kwenda nje kwa awamu tatu. Tapeti (mwanya wa valvu) milimita 0.25. Moto unapiga silinda kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

Kabureta: plagi zikiwa na masizi, punguza saizi ya jeti kuu. Unataka rangi ya kahawia.

Swali: Shikamoo fundi. Yangu imeshachongwa, hapa Uyole, Mbeya, haina shida. Nikitoka Dar na mzigo, kwenye mlima wa Kitonga injini inagonga.

Jibu: Marahaba. Chini kule hewa ni nzito, silinda inashiba kuliko huku. Kabla ya kushuka Dar, legeza distributa urudishe taimingi (wakati cheche inapopiga) nyuma digrii mbili au tatu. Ikigonga, ondoa mguu kwenye mafuta. Mimi nilikomaa nayo hadi pistoni namba 3 ikatoboka, tundu la kuingia kidole kidogo.

Swali: Gasketi ya zamani bado nzima, niirudishie?

Jibu: Hapana.

Swali: Baada ya kufunga, maji yanapungua na moshi ni mweupe.

Jibu: Toa plagi zote. Iliyong'aa kama imeoshwa ndiyo silinda inayokunywa maji. Fungua, weka rula juu ya hedi na bloku uone kama zimenyooka. Zikiwa sawa na plagi hazina tofauti, kagua mfuniko wa rejeta: Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, mfuniko uliolegea unayamwaga yote njiani.